Fundi Anajibu: Kompyuta za stoo na intaneti ya shule

Safu hii huandikwa na fundi wa kompyuta mwenye banda lake Mwanga, Kigoma mjini. Barua za wasomaji zimefupishwa.

Bi Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja wilayani Kasulu. Kwa kuwa chuoni niligusa kompyuta kidogo, nimekabidhiwa na maabara ya TEHAMA, ambayo kwa kweli ni stoo. Ndani mna kompyuta za mezani 18 za wafadhili, monita 11 bapa na 7 za chogo. Zinazowaka ni 12, nyingine zina Windows XP na nyingine Windows 7. Nikifungua tovuti naambiwa muunganisho si salama. Mkuu wa shule anataka chumba kiwe ghala la mahindi, na huku wanafunzi wanapanda bodaboda hadi mjini kuangalia matokeo ya NECTA na machaguo ya kidato cha tano stesheneri. Kijana mmoja kaniambia nipige Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Je, kompyuta ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 1 inaweza kweli kuingia intaneti? Nimepewa laki nne. – Mwalimu, Kasulu

Marahaba, Mwalimu. Mahindi yatafutiwe mahali pengine.

Nianze na hilo la tovuti kukukatalia, maana lina sababu mbili na mafundi wengi hushika moja tu. Ya kwanza ni umri wa programu. Microsoft iliacha kuitunza Windows XP Aprili 2014 na Windows 7 Januari 2020. Vivinjari navyo vikaondoka: Chrome iliiaga XP mwaka 2016, Firefox mwaka 2018. Tovuti za leo hutumia usimbaji ambao vivinjari hivyo vya kale havijui kuufungua.

Sababu ya pili inauzwa kwa fundi saa. Ni betri ya CR2032, ya volti 3, iliyo kwenye mazabodi, lile bamba kuu la ndani. Hiyo ndiyo inayotunza saa kompyuta ikiwa imechomolewa. Ikifa, mashine inaamka ikidhani ni Januari 2004. Sasa, kila tovuti ina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kwa mashine inayoishi mwaka 2004, cheti cha tovuti ya NECTA bado hakijazaliwa, basi inagoma. Linux ikipata mtandao hurekebisha saa yenyewe, lakini betri mfu bado itakusumbua: mashine nyingi zitasimama kila asubuhi zikitaka ubonyeze F1 ndipo ziwake. Nunua betri za kutosha zote kabla hujafanya kitu kingine.

Pili, zichambue. Usipige Linux kwenye kompyuta ambayo hujaifungua kava. Zitoe nje, chukua brashi ya rangi iliyo kavu, ondoa lile vumbi jekundu la Kasulu, na ukifika kwenye feni izuie kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. RAM zitoe, zisugue meno kwa kifutio cha penseli, uzirudishe. Kompyuta zinazolia tu bila kuonyesha picha huamka kwa kifutio hicho mara nyingi kuliko unavyodhani. Kisha tazama kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kuzunguka prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikiwa kimevimba au kimevuja ute wa kahawia, mashine hiyo weka pembeni. Mazabodi nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 zilipata kapasita mbovu, na kompyuta nyingi za misaada ni za kipindi hicho hicho. Na ukikuta kiota cha panya, kagua nyaya zote kabla ya kuchomeka kwenye umeme.

Sasa swali lako lenyewe. GB 1 itaingia intaneti, ndiyo. Itafungua ukurasa mmoja, ukifungua wa pili itaanza kutambaa, na wa tatu utakufanya umchukie huyo kijana. Yeye alikuambia nusu ya habari. Linux nyepesi ikishawaka hutumia megabaiti mia chache tu za RAM, hilo ni kweli, na ndiyo maana mashine itaonekana imepona. Lakini mlaji mkuu siku hizi ni ukurasa wenyewe: picha, matangazo, programu ndogondogo zinazokimbia ndani ya kivinjari. Ukurasa huo una uzito uleule kwenye Linux na kwenye Windows. Linux haiupunguzi. Inachofanya ni kukuachia nafasi iliyokuwa inaliwa na mfumo.

Kwa hiyo dawa ni RAM, na wewe unayo tayari. Una mashine 6 zisizowaka. Zifungue, toa RAM zake, uziongeze kwenye zile nzima. Angalia aina tu, maana RAM zina vizazi: DDR2 kwa DDR2, DDR3 kwa DDR3, pengo la katikati haliko mahali pamoja, kwa hiyo kisichoingia kwa urahisi usikilazimishe. Lenga GB 2 kwa uchache, na 4 ukizipata. Hata kati ya zile 12 usione aibu kutoa nne sadaka ili nane ziwe na nguvu. Najua mkuu wako atapenda kuripoti 12. Mwambie aje asimame nyuma ya mwanafunzi anayesubiri dakika tano ukurasa wa matokeo ufunguke, foleni ikiwa mlangoni.

Prosesa nayo ina neno lake. Washa kila mashine kwa flashi ya Linux bila kusakinisha, fungua dirisha la amri, andika `lscpu`. Ukiona imeandikwa 32-bit na 64-bit pamoja, ni nzuri. Core 2 Duo na zilizofuata ziko hapo. Ukiona 32-bit peke yake, au flashi ya Linux ya biti 64 ikikataa kuwaka ikilalamikia prosesa, hiyo ni Pentium 4 ya awali au ndugu zake, na ushauri wangu ni kwamba usiiweke kwenye intaneti. Milango inafungwa: Debian 13, mojawapo ya aina za Linux, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32, na Firefox nayo imeshaacha kutoa matoleo mapya ya kawaida kwa Linux ya biti 32. Debian 12 bado inazikubali, na matunzo yake ya muda mrefu yanaishia Juni 2028. Zitafaa kujifunzia kuchapa. Kujenga maabara juu yake, hapana.

Kupiga Linux yenyewe ni kazi fupi, mafundi tunaikuza ili tulipwe. Ukienda mjini kwenye intaneti nzuri, pakua Debian 13 pamoja na Ventoy, programu inayokuwezesha kutupia mafaili ya mifumo kwenye flashi moja na kuchagua unaotaka wakati wa kuwasha. Pakua ule mfumo wa majaribio wenye Xfce au LXQt, yaani madirisha na menyu nyepesi, maana ndio huohuo utakaokupa `lscpu` na kisha kusakinisha bila bando. Tengeneza kompyuta MOJA kwanza, ikamilike kabisa. Mtumiaji aitwe mwanafunzi, asiwe na ruhusa ya kubadili mfumo, mashine ikiwaka iingie yenyewe na kufungua Firefox. Ongeza `zram-tools`, inayobana vilivyomo kwenye RAM ili viingie vingi zaidi. Kwenye GB 2 tofauti inaonekana kwa macho.

Halafu kuna jambo moja ambalo usilikwepe: iamuru Firefox isikumbuke chochote, yaani ikifungwa, historia na akaunti zote zilizofunguliwa zifutike. Msichana ataingia hapo kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, na ndani ya akaunti yake kuna namba ya mtihani, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, taarifa za wazazi na za benki. Akiondoka bila kutoka kwenye akaunti, anayekaa baada yake anakuta kila kitu mezani. Hili nimeliona sana huku mjini, na halihitaji mwizi hodari.

Wengine watakushauri utumie hali ya kioski, `firefox-esr --kiosk`, ambapo kivinjari kinajaza kioo chote na hakuna kitufe cha kutokea. Iweke kwenye mashine moja ya korido, msimu wa matokeo, watu waangalie wapite. Ndani ya maabara itawabana bure, kwa sababu mwanafunzi anahitaji kupakua fomu ya kujiunga na shule aliyopangiwa, kuifungua, na kuihifadhi kwenye flashi.

Ikishakamilika hiyo moja, tumia Clonezilla kuinakili kwenye nyingine zote, kisha kila moja uipe jina lake.

Utasikia pia habari za seva moja kulisha darasa zima. Mradi mkongwe wa kazi hiyo ni LTSP, ulioanza mwaka 1999, na zamani ulifanya hivyohivyo: programu zote zilikimbia kwenye seva, na mashine dhaifu zilionyesha picha tu. Maelezo mengi yanayozunguka ni ya enzi hizo. Mwaka 2019 LTSP iliandikwa upya, na sasa kimsingi kompyuta huwashwa kupitia waya wa mtandao, halafu programu hukimbia kwenye kompyuta yenyewe. Maana yake ni kwamba haikuponyi njaa ya RAM. Inachokuponya ni diski zilizokufa, kwa sababu mashine haihitaji diski tena. Kama kati ya zile nane, tatu zina diski mbovu, ni njia nzuri. Ila seva ikizimika darasa zima limezimika, kwa hiyo bila UPS (betri ya akiba) kwenye seva na kwenye swichi ya mtandao usiianze. Umeme wa Kasulu unaujua kuliko mimi.

Kuhusu umeme, hesabu rahisi. Monita ya chogo ya inchi 17 hula kama wati 70 hadi 80. Bapa ya ukubwa huo 20 hadi 30. Kompyuta na monita bapa, tuseme wati 100 kwa pamoja. Nane kwa saa nne kila siku ni uniti 3 na ushee za LUKU. Zile za chogo zibaki stoo, bapa 11 zinakutosha na ziada. Na radi za masika ya huku: mvua ikianza kuunguruma, chomoa umeme na waya wa ruta pia. Watu huchomoa kompyuta wakaisahau ruta.

Intaneti: ruta moja ya 4G yenye laini ya mtandao unaoshika vizuri hapo shuleni, pamoja na swichi na waya. Bando litaliwa na vitu viwili, video na masasisho. Masasisho yadhibiti kwa `apt-cacher-ng` kwenye mashine moja: kifurushi kikishapakuliwa mara moja, nyingine saba zinakichukua hapo hapo ndani. Video ni suala la mwalimu kuwepo chumbani. Kwa kurasa chafu, weka kwenye ruta DNS (huduma inayotafsiri majina ya tovuti) ya 1.1.1.3, ambayo huzuia tovuti za ngono na za virusi. Haimzuii mjanja kabisa, lakini inamchosha.

Na sasa lile ninalolipenda kuliko yote. Siku bando limeisha, maabara isifungwe. Kuna programu inaitwa Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, ambayo hukuwezesha kubeba Wikipedia nzima kwenye faili moja na kuisoma bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili inaingia kwenye flashi ya kawaida. Ya Kiingereza bila picha inazidi GB 40, kwa hiyo omba mtu mwenye intaneti ya waya akupakulie kwenye diski ya nje. Iweke kwenye mashine yako yenye diski nzima kuliko zote, sakinisha `kiwix-tools`, kisha andika `kiwix-serve --port 8080` ikifuatiwa na jina la faili. Wanafunzi kwenye kompyuta nyingine wanaandika anwani ya mashine hiyo ikifuatiwa na `:8080` kwenye kivinjari na kusoma. Hakuna hata kilobaiti moja inayotoka kwenye bando. Zile Pentium 4 nilizokunyima intaneti, hapa zinapata kazi, maana kurasa za Kiwix ni nyepesi na hazitoki nje ya chumba. Kuna shule zinazolipia bando mwezi mzima ili wanafunzi wasome mambo ambayo yangeweza kukaa ndani ya diski moja, na mimi huwa sielewi.

Laki nne basi: betri, RAM za mitumba pale zitakapopungua, SSD (diski ya kisasa yenye kasi) moja kwa mashine ya Kiwix, swichi, waya, stablaiza. Programu hulipii hata shilingi, na usikubali kuuziwa antivairasi.

Mwisho, daftari. Hizo ni mali ya shule na zina namba. Kwa kubadili programu pata baraka za mkuu wako, na RAM ikihama kutoka mashine moja kwenda nyingine iandike, na hizo mbovu usizitupe wala kumgawia mtu nje ya utaratibu wa kufuta mali ya umma. Kabla diski yoyote haijatoka getini, ifute kwa `nwipe`. Kufuta mafaili kwa kawaida hakutoshi. Diski za ofisi ya taaluma huwa na alama za watoto na wakati mwingine mishahara ya walimu, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi.

Dada Fundi, habari za kazi. Nina stesheneri ndogo hapa Mwandiga. Nataka kuongeza kompyuta tatu za mitumba kwa ajili ya wateja wa intaneti, na jirani kaniambia niweke Linux ili nisisumbuke na virusi. Hofu yangu ni printa, na CV za wateja kuharibika. – Mama Stesheneri, Mwandiga

Nzuri, dada yangu. Hofu yako ina msingi. Printa ijaribu kabla hujanunua: nenda na flashi ya Linux dukani, iwashe, chapa ukurasa mmoja. Nyingi za HP hukubali kupitia HPLIP, programu ya HP ya kuendesha printa zake kwenye Linux. Kuna leza ndogo za bei rahisi ambazo kuziunganisha ni kugombana na mashine siku nzima, na mteja wako wa asubuhi hana siku nzima.

CV kuharibika kunatokana na herufi. Mteja ameandika kwa Calibri, Linux haina Calibri, inaweka nyingine yenye upana tofauti. Mstari unasukumwa, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na robo, sahihi inahamia ukurasa wa pili. Sakinisha `fonts-crosextra-carlito` na `fonts-crosextra-caladea`. Carlito ina vipimo sawasawa na Calibri, Caladea na Cambria, kwa hiyo mistari inabaki mahali pake. Times New Roman na Arial hufidiwa na Liberation, ambazo huja na LibreOffice.

Bado, kwa biashara yako, nakushauri mashine yako wewe ya kuchapia ibaki na Windows, zile tatu za wateja ziwe Linux. Mteja anaangalia matokeo, anajaza fomu ya ajira, anahifadhi PDF, wewe unachapa kwako. Na zote tatu ziwe zinafuta kila kitu mteja anapoondoka, kama nilivyomwambia Mwalimu wa Kasulu. Wewe unahudumia wageni, inakuhusu zaidi kuliko yeye.

Kuhusu virusi, jirani yako hajakosea. Vile virusi vya flashi vinavyogeuza mafolda kuwa shotikati vimeandikwa kwa ajili ya Windows na kwenye Linux havifanyi kazi. Utaviona tu vimelala kwenye flashi, na unaweza kuvifuta kama faili jingine. Lakini ukiipeleka flashi hiyo kwenye mashine yako ya kuchapia bila kuvifuta, vitaamka.

Fundi, naomba kujua kama Linux inapatikana kwa Kiswahili. – Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Uvinza

Kwa sehemu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na leo LibreOffice ina menyu za Kiswahili unazoweza kuziwasha. Mfumo wenyewe utakuta vipande vimetafsiriwa na vipande vimebaki Kiingereza. Tafsiri hizo hufanywa na watu wa kujitolea, mwanangu, na kidato cha tatu si mapema mno kuanza.

Assalaam alaykum, Bi Fundi. Madrasa yetu Ujiji imepewa laptopu tatu za zamani. Zina RAM ya GB 2, betri zote zimekufa, moja kibodi yake imebenuka katikati. Sitaki watoto waingie YouTube. Nataka wajifunze kuandika tu. Nifanyeje? – Ustadh, Ujiji

Waalaykumu salaam, Ustadh. Usiziunganishe na intaneti kabisa, hapo umemaliza la YouTube. Weka antiX, ambayo ni nyepesi na imejengwa juu ya Debian, ongeza Tux Typing kwa mazoezi ya vidole na GCompris kwa wadogo zaidi, kisha zima Wi-Fi kwenye bayosi, ile menyu ya mipangilio inayofunguka mashine inapowaka.

Hiyo iliyobenuka kibodi usiiwashe, wala usiiweke chaji. Betri iliyo chini yake imevimba na ndiyo inayosukuma. Nyingi za zamani betri hutoka kwa kubonyeza kufuli mbili za chini. Ikitoka bila kulazimisha, itoe, usiitoboe, iweke nje mbali na watoto na vitu vya kuungua mpaka utakapoileta kwa fundi. Ikikataa kutoka, niletee laptopu nzima kama ilivyo. Bila betri itafanya kazi kwa chaja peke yake, na hizo mbili nyingine vilevile, ila umeme ukikatika zitazima hapo hapo, kwa hiyo wafundishe watoto kubonyeza Ctrl na S kila wanapomaliza mstari.